Shangazi Hayumo Kwenye Albamu: Uhakiki wa Picha za Harusi za Ridhaa

Ukiingia katika nyumba nyingi za mjini kwetu hutakuta riwaya. Utakuta Biblia au Msahafu, madaftari ya watoto, kalenda ya mwaka jana, na albamu ya harusi. Mgeni akishaketi tu, hata soda haijafunguliwa, albamu inaletwa. Hicho, wasanii wenzangu, ndicho kitabu kinachosomwa kuliko vyote sebuleni. Kina mhusika mkuu, kina kilele, kina hata maadui waliokalishwa meza za mbalimbali. Siku hizi albamu nyingi zimehamia kwenye simu, lakini mchezo ni uleule: mgeni anapewa simu, anaambiwa "wewe sogeza tu hivi", na usomaji unaanza. Sasa iweje sisi tunaojiita wahakiki tushinde tukibishana juu ya vitabu ambavyo majirani zetu hawana, halafu hiki kimoja walicho nacho tukipite?

Katika makala haya nakusudia kuhakiki picha za harusi, hususan zile zinazopigwa na watu wa ridhaa: binamu, jirani, mshikaji wa bwana harusi, yeyote mwenye kamera ndogo ya digitali au simu ambaye hakulipwa hata senti. Hoja yangu naitamka mapema ili mwenye kubisha aanze kunoa kisu. Mpiga picha wa ridhaa hushindwa pale anapomwiga mpiga picha wa kukodi, na hushinda pale anapotumia kitu ambacho yule wa kukodi hana, yaani kuwajua watu. Ila ujuzi huo wa watu, kama haukuambatana na ujuzi mdogo wa mwanga na wa kuchagua, utaishia gizani pamoja na picha zake. Tulifundishwa shuleni kwamba kazi ya sanaa ina fani na maudhui. Basi tuzitumie hizo hizo.

Harusi moja, mikono mitatu

Kwa ajili ya uhakiki huu nimezipitia picha za harusi moja ya Jumamosi hapa Dar es Salaam: kanisani saa nane mchana, matarumbeta barabarani, ukumbini kuanzia saa moja usiku. Majina nayaweka kando kwa heshima ya wenyewe. Inatosha kujua kwamba bibi harusi alilelewa na shangazi yake tangu akiwa darasa la pili, na kwamba ada yake ya sekondari ilitoka kwenye karai la vitumbua la shangazi huyo. Mtaa mzima unalijua hilo. Mpiga picha wa kukodi hakulijua, na hakuna aliyemwambia.

Picha zake ni safi, lazima tuseme ukweli. Gauni ni jeupe, nyuso zinaonekana, meza kuu imenyooka kama gwaride. Lakini shangazi anaonekana mara moja tu. Ni wakati wa kulishana keki. Bibi harusi amepiga magoti, sahani mkononi, anaiangalia kamera kama alivyoagizwa. Upande wa kushoto wa picha unaingia mkono wa mwanamke mwenye kitenge cha sare, umenyooshwa kupokea. Uso haupo. Huo mkono ndio shangazi.

Simlaumu sana bwana huyu. Yeye amelipwa na kamati, na kamati ina mambo yake: meza kuu, keki, shampeni, mwenyekiti, na waliochanga vizuri. Ana orodha kichwani na muda unamkimbiza. Anaandika hadithi aliyoagizwa, kama sisi tulivyoandika insha za mtihani.

Fungu la pili ni la binamu wa bwana harusi, mwenye kamera ndogo ya digitali. Hizi ni zaidi ya elfu moja. Nilizipitia zote kwa usiku wawili, na ninachoweza kusema ni kwamba nimeufahamu vizuri mno mgongo wa mpiga picha wa kukodi. Binamu alisimama nyuma yake tangu kanisani mpaka ukumbini, akapiga kilekile, kwa upande uleule, ila kwa kamera dhaifu na kwa kuchelewa kidogo. Ni kama mtu anayenakili kitabu kwa mkono wakati chenyewe kinauzwa dukani. Na hapo ndipo penye uchungu: binamu huyo anajua kila siri ya ukoo ule! Angejua pa kusimama, angetuandikia kitabu ambacho hakuna mwingine angeweza.

Fungu la tatu ni la binti wa jirani, mwanafunzi wa kidato cha tatu, aliyetumia simu yenye kioo kilichopasuka. Picha zake ni thelathini na kitu. Nyingi zimetikisika. Lakini ipo moja iliyonifanya niandike makala haya. Ni asubuhi, nyumbani, kabla ya yote. Bibi harusi ameketi kwenye kizingiti cha mlango wa uani, kanga kifuani, rola za nywele kichwani, anakula kitumbua. Shangazi ameinama mbele yake, amekinga kiganja chini ya kidevu chake asidondoshe mafuta. Hakuna anayeitazama simu. Mwanga umeingia toka uani na kuwagusa wote wawili upande mmoja wa uso. Mkono ni uleule wa ukumbini, na safari hii mwenyewe yupo.

Tujiulize kama wahakiki: picha hii ina nini ambacho picha mia kadhaa za gharama hazina? Ina tendo. Ina uhusiano wa watu wawili, na uhusiano huo unaonekana bila maelezo ya chini. Na ina mwanga mzuri, ambao binti aliupata kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Hilo la mwanga tusiliache kwenye bahati, maana linafundishika.

Kamera haituoni kama tunavyoonana

Masela wengi wanaamini picha nzuri ni kamera kali. "Hiyo ina mega pikseli ngapi?" ndilo swali la kwanza. Mimi nasema pikseli hizo zinasaidia ukitaka kuichapa picha kubwa ya ukutani. Kwa picha ya albamu, kamera karibu zote za leo zinatosha. Tatizo letu kubwa liko kwingine, nalo lina historia.

Kampuni ya Kodak ya Marekani, tangu miaka ya 1950, ilikuwa ikizipelekea maabara za kusafisha picha kadi yenye sura ya mwanamke wa Kizungu, ili rangi zipimwe kwa ngozi yake. Kadi hiyo iliitwa Shirley. Ngozi ya Shirley ikitoka vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa sawa. Wengine wote, sisi tukiwemo, tulitokea kadiri tulivyojaliwa: meno na macho, basi. Kwa masimulizi ya watu waliofanya kazi Kodak, waliosaidia kuibana kampuni itengeneze mikanda inayotofautisha rangi za hudhurungi walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wauza samani za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazionekani vizuri! Msomaji, soma sentensi hiyo mara mbili halafu tuendelee.

Kamera ya digitali haina kadi ya Shirley, lakini nayo ina dhana zake. Inapima wastani wa mwanga uliomo ndani ya fremu, na imefundishwa kuamini kwamba dunia ukiikoroga yote ni ya kijivu. Gauni jeupe likijaza fremu, kamera inadhani mwanga umezidi, inaupunguza. Matokeo yake gauni linakuwa la kijivu kama shuka la gesti, na uso wa bibi harusi unazama. Geuza sasa: suti nyeusi na pazia la giza zikijaza fremu, kamera inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, na gauni linaungua mpaka kila ua la lesi linafutika. Simu za kisasa zinajitahidi kuutafuta uso zenyewe, lakini mbele ya gauni na taa za ukumbi nazo hubabaika.

Dawa yake ni rahisi na haiuzwi. Kwenye simu, gusa uso wa mtu kwenye kioo, kisha telezesha ile alama ya jua kupandisha au kushusha mwanga. Kwenye kamera, tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Gauni limejaa fremu? Ongeza. Giza limejaa? Punguza. Na kumbuka kanuni moja: weupe ulioungua haurudi tena, wakati giza la wastani linaweza kuinuliwa baadaye kwenye kompyuta au kwenye simu yenyewe. Kwa hiyo linda lesi kwanza, halafu utafute namna ya kuupa uso mwanga.

Namna hiyo ni ipi? Kuwageuza watu, au kugeuka wewe. Mlango, dirisha, ukuta mweupe unaorudisha jua: hivi ndivyo vyombo vya mtu wa ridhaa. Ukimpiga mtu akiwa na dirisha nyuma yake utapata kivuli cha mtu. Mweke dirisha ubavuni, na pua yake, shavu lake, hata mikunjo ya miaka yake itasema. Saa nane mchana nje ya kanisa jua la Dar liko utosini, linachimba mashimo meusi chini ya nyusi. Wasogeze kwenye kivuli kizima cha ukuta au baraza. Usiwaweke chini ya mti wenye majani machache, maana watatoka na madoa kama chui. Kama hapana budi kupiga juani, washa flashi hata mchana. Ukiwa karibu itajaza yale mashimo.

Kukopa mwanga ukumbini

Sasa tuingie ukumbini, ambako watu wa ridhaa wengi huachia ngazi. Giza, taa za zambarau na za buluu, watu wanatembea. Binamu yetu alijibu kwa flashi. Flashi ya kamera ndogo inafika mita tatu au nne, basi. Picha zake za "ukumbi mzima" zina visogo vyeupe vya watu wa mbele, na nyuma yao pango.

Ukitaka ukumbi mzima, zima flashi. Egemeza kamera kwenye nguzo au mgongo wa kiti, shika pumzi, bonyeza taratibu. Ukitaka watu, jua kwamba aliyesimama anahitaji kasi ya 1/60 ya sekunde au zaidi, na anayecheza muziki anahitaji kama 1/200, la sivyo mikono yake itakuwa moshi. Ili kasi hiyo ipatikane gizani, pandisha ile namba ya ISO mpaka 1600 au hata 3200. Picha itakuwa na chembechembe. Ziache! Chembechembe hazijawahi kumficha shangazi, mtikisiko ndio humficha. Na usivute kwa vidole kwenye kioo cha simu. Mara nyingi huko ni kukata tu kipande cha picha na kukitanua. Una miguu, sogea.

Lakini ufundi ninaoupenda kuliko wote ni wa kukopa mwanga. Mtu wa video anatembea na taa yake kali, anawamulika maharusi usoni bila huruma. Mpiga picha wa kukodi anasimama kando yake, kwa hiyo nyuso zake zimelala bapa kama sahani. Wewe sogea pembeni, robo ya duara kutoka ilipo taa. Ghafla taa hiyohiyo inaangukia upande mmoja wa uso, upande wa pili unaingia kivuli, na uso unapata umbo. Tena geukia wanaotazama: taa ya video ikipita, kwa sekunde mbili tatu inawaangukia mama wa bwana harusi, mjomba toka kijijini, watoto chini ya meza. Hakuna anayewapiga wakati huo. Mwanga umelipiwa na kamati, na wewe unakula bure.

Wahusika wadogo

Nimefika kwenye maudhui. Katika riwaya tunajua kwamba mhusika mkuu anasimama kwa sababu ya wahusika wadogo. Mtoe mpishi, mtoe dereva, mtoe rafiki aliyekopesha viatu, na shujaa wako anabaki mdoli wa dirishani. Harusi ni hivyohivyo. Picha elfu za maharusi wakiuza sura zinatuambia walikuwa wamependeza. Basi. Hazituambii ni nani aliyekesha na masufuria, nani aliyelala kwenye mkeka sebuleni kwa siku tatu, nani alisafiri usiku kucha na kuku kwenye kapu.

Tuna wa kujifunza kwao. Malick Sidibé wa Bamako, nchini Mali, alijijengea jina miaka ya 1960 kwa kupiga picha dansi za vijana wa mjini. Alikuwa akienda klabu kwa klabu usiku wa Jumamosi, anarudi studio kusafisha picha mpaka alfajiri, na siku chache baadaye vijana wanakuja kujitafuta kwenye picha ndogondogo alizozibandika nje. Picha yake inayojulikana sana, "Nuit de Noël" ya mwaka 1963, inaonyesha kijana na binti wakicheza, vichwa vimekaribiana, binti hana viatu. Hawaitazami kamera, wanaangalia miguu yao. Mwaka 2007 maonyesho ya sanaa ya Venice yalimpa Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake yote, Mwafrika wa kwanza kuipata. Na chanzo chake kilikuwa nini? Muziki, viwiko vya watu, na flashi. Vijana wale walimzoea, ndiyo maana waliweza kumsahau katikati ya wimbo.

Hapo ndipo nguvu ya mtu wa ridhaa ilipo. Wewe mnakula pamoja. Ukiingia jikoni na kamera, kina mama watacheka mara ya kwanza, mara ya pili watakuambia usogee usiungue, mara ya tatu wanaendelea na kazi. Mara ya tatu ndiyo ya kupigia. Tena wewe unajua kinachokuja. Unajua kwamba babu akisimama kuzungumza, mwanawe wa kwanza huinamisha kichwa. Unajua kwamba wale dada wawili hawasemeshani tangu msiba wa mwaka juzi, na emsii akiwaita wote mbele kutunza, kitu kitatokea. Mpiga picha wa kukodi atashtuka tukio likiwa limepita. Wewe ulikuwa umeshabonyeza nusu kitufe, kamera imeshalenga, unasubiri tu.

Kwa hiyo shauri langu ni hili. Kabla ya harusi, kaa na bibi harusi au bwana harusi, muulize swali moja: "Ni watu gani watano ambao bila wao leo isingekuwepo?" Andika majina. Hao watano ndio orodha yako. Kwa kila mmoja tafuta picha tatu: uso wake, mikono yake kazini, na yeye akiwa na maharusi. Keki na shampeni mwachie aliyelipwa.

Nisieleweke vibaya: sipingi picha za kupanga. Kuna vijana siku hizi wanazidharau, eti ni za kizamani. La hasha! Kule Zanzibar, studio ya Capital Art iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na baadaye kuendelezwa na mwanawe, imetuachia watu waliosimama wima mbele ya lenzi kwa heshima zao zote. Kusimama wima ni kauli. Bibi aliyevaa kanga mpya anaposema "ngoja nikae vizuri", anakuambia namna anavyotaka kukumbukwa. Mpe nafasi hiyo. Mpige kwanza kama anavyotaka, kisha usiondoke haraka. Mara nyingi anapodhani umemaliza, anashusha mabega, anamgeukia mjukuu wake na kucheka. Piga na hiyo. Sasa unazo mbili, na kati yake kuna mtu mzima.

Picha elfu moja bado si hadithi

Kamera ya kwanza ya digitali aliitengeneza Steven Sasson, mhandisi wa Kodak, mwaka 1975, akiwa na umri wa miaka 25. Ilikuwa na uzito wa kilo 3.6 hivi, na ilichukua sekunde 23 kuiandika picha moja, tena nyeusi na nyeupe, kwenye kaseti. Kodak hao hao, walioishi kwa kuuza mikanda, waliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai mwaka 2012. Leo binamu yetu anapiga kumi kabla hujafumba jicho.

Enzi za mkanda wa picha 36, mtu alifikiri kabla ya kubonyeza kwa sababu kila picha ilikuwa na bei. Sasa bei imehamia mwishoni: badala ya kulipia mkanda, unalipa kwa kukaa chini na kuchagua. Wengi hawalipi. Picha zote elfu moja zinamwagwa kwenye kundi la WhatsApp usiku uleule, simu za watu zinajaa, na wiki ya pili zinafutwa ili kupata nafasi. Hivyo ndivyo harusi nzima inavyopotea. Picha haikuwa mbaya. Ilizama kati ya ndugu zake.

Sisi tunaoandika tunaujua ugonjwa huu. Rasimu ya kwanza ina kurasa mia tatu na mwandishi anakataa kutoa hata sentensi moja, kila moja ni mtoto wake. Basi, kama kwenye rasimu, kata. Katika elfu moja chagua arobaini. Zinazofanana sana, bakiza moja. Yenye macho yaliyofumba, toa, isipokuwa amefumba kwa kucheka au kwa kusali. Zipange kama hadithi: asubuhi uani, njiani, kanisani, ukumbini, kisha yale masufuria matupu na viti vilivyolala. Weka ya karibu baada ya ya mbali, ili jicho lipumue. Usifute chochote palepale sherehe ikiendelea, kwani kioo kidogo chini ya taa za ukumbi kinadanganya, na huku ukifuta tukio linapita.

Na mambo ya kawaida ambayo watu huyapuuza: chaji betri usiku wa kuamkia; beba memori kadi ya pili; futa lenzi ya simu kwa kitambaa, maana jasho na mafuta ya pilau huleta ukungu; ukifika nyumbani nakili picha sehemu mbili kabla hujalala. WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huipunguza ubora, kwa hiyo zile arobaini zitume kama faili, au peleka kwenye flashi diski. Halafu kachape hata kumi tu. Karatasi haiombi chaji.

Pa kuishusha kamera

Kuna picha nzuri ambazo hazipaswi kupigwa. Katika shughuli za kike za pwani, wageni mara nyingi huombwa waache simu, kwa kuwa humo ndani mitandio imevuliwa na wanawake wamejiachia kwa kuaminiana. Ukiiba picha hapo umeiba kweli. Kanisani padri au mchungaji akisema wakati wa kiapo kamera zishuke, shusha. Na mama wa bibi harusi akisimama kutazama mwanawe anavyoondoka, hakikisha hayuko nyuma ya mgongo wako. Mtu mmoja anaweza kuiba kumbukumbu ya mwingine kwa kusimama mbele yake. Hata mpiga picha wa kukodi, mpishe kwenye yale matukio yake machache. Ana familia ya kulisha.

Kuna pia jambo la kutoaibisha. Mjomba aliyelewa saa sita usiku ni picha ya kuchekesha kwenye simu yako, na ni kidonda kwenye albamu ya mkewe. Mwandishi wa riwaya anaweza kumbadilisha jina mhusika. Wewe mwenye kamera huna uwezo huo.

Hitimisho

Mtu atauliza: yote haya yanawahusu nini waandishi chipukizi wa jarida hili, ambao wengi wetu hatuna kamera wala mchumba? Jibu langu ni kwamba tunaugua ugonjwa uleule wa binamu. Tunasimama nyuma ya waandishi wakubwa, tunapiga walichopiga, kutoka begani kwao, halafu tunashangaa kwa nini hadithi zetu zimejaa migongo ya watu. Tunaandika juu ya matajiri wa Oysterbay ambao hatujawahi kuingia sebuleni kwao, ilhali karai la vitumbua liko mlangoni kwetu na tunamjua anayeligeuza, deni lake, na wimbo anaoupenda.

Jumamosi hii lazima kuna harusi mahali fulani mtaani kwako. Ukialikwa, nenda na simu yako hiyohiyo, nenda asubuhi, kabla ya matarumbeta. Ulizia majina matano. Tafuta mlango ulio wazi. Familia ile ya kwenye uhakiki wangu imeichapa ile picha ya kitumbua, imeiweka sebuleni kwenye fremu ya mbao, na wageni huiuliza kabla ya zile za gauni.

Mwenye hoja tofauti aandike toleo lijalo. Uwanja ni wetu sote.